Kilo za Kapteni Émile

Jumamosi asubuhi, sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Cécile Zihindula alikuwa nyuma ya cherehani yake akishona kokoto kwenye pindo za ovaroli ya binti yake. Kazi ya namna hiyo ilikuwa nyingi tangu posho ilipopunguzwa mara ya pili. Mara ya kwanza wakubwa walisema ni kwa muda tu. Mara ya pili walisema watu wawe wabunifu. Basi watu wakawa wepesi. Wanawake walishonewa kokoto, wanaume walitembea na vipande vya matofali mifukoni, na watoto walifungwa kamba kiunoni wasije wakapeperuka wakicheza. Kanisani kwaya iliimba ikiwa imefungwa kwenye mabenchi. Padri hakuligusia jambo hilo katika mahubiri. Naye alikuwa amefungwa.

Binti yake, Bora, alikuwa na kilo arobaini na moja, na hizo ndizo zilizompatia nafasi katika shule ya marubani wa helikopta, Lilongwe. Watu kambini walisema ni akili, maana akili alikuwa nazo. Lakini sababu ilikuwa Kapteni Émile, mwalimu.

Helikopta ya mafunzo ilikuwa ndogo, ya viti viwili. Kikomo cha kila kiti kilikuwa kilo mia na kumi, na mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja walikuwa na kikomo kingine. Kapteni alikuwa na mia na thelathini. Mizani ya ofisini ilimheshimu: akiipanda, mshale ulifika mia na tisa, ukasimama, ukangoja ashuke. Helikopta haikuwa na adabu hiyo. Akikaa na kijana wa Area 47, mtaa wa wenye nazo, aliyekula nsima, ugali wa huko, akashiba, haikuondoka chini. Hapo ndipo shule ilipowakumbuka wakimbizi, na magazeti yakausifu moyo wake wa huruma.

Kapteni alijua Kiswahili. Alikuwa akiwarusha watu wa madini kule Kivu, Kongo, miaka ile ile Cécile alipokuwa akikimbia vita kwa miguu chini yake, Bora akiwa mgongoni. Siku helikopta ya shule ilipopita juu ya kambi, Cécile aliinua kichwa.

"Njo ule mulio," alimwambia bintiye. "Ile siku haikutua, hata kuokota mutoto mumoja."

Bora alienda shuleni hivyo hivyo. Alijifunza vizuri, mpaka ikafika zamu ya kuruka peke yake. Bila kuruka peke yake hakuna leseni, bila leseni hakuna kazi, na bila kazi yeye na mama yake wangebaki Dzaleka kama walivyobaki siku zote.

Kapteni alimsimamisha kando ya helikopta.

"We uko mwepesi sana, Bora. Mutu akiwa peke yake, kiti inataka kilo makumi sita. La sivyo helikopta inainua pua."

"Niko na kokoto, Kapteni. Nikizivaa ninafika."

"Kokoto haiko mwili. Sheria inasema mwili."

"Basi nitakula."

"Ukinenepa, sitaweza kupanda na we. Na masomo ingali imebakia."

"Na we, Kapteni? Ukipunguza kidogo?"

Fundi aliyekuwa akifuta kioo cha helikopta alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka. Kapteni hakucheka.

"Mi niko mwalimu," alisema. "Kikomo ni ya mwanafunzi."

Bora aliomba wembe kwa fundi, akainama, akaukata uzi wa mama yake, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Kokoto zikamwagika.

"Mulitaka mwili," alisema. "Muangalie mwili."

Miguu yake ikaiacha ardhi, akainuka taratibu, wima, kama alivyofundishwa. Alikuwa na redio ya mawasiliano ya shule mkononi. Mnara wa kuongozea ndege ulimuuliza anaelekea wapi, akajibu, ukampa ruhusa na kumtahadharisha na ndege ya abiria iliyokuwa ikitua. Akazunguka kwa kushoto mpaka juu ya Old Town, upande wa zamani wa mji, ambako wenye maduka ya jumla walitazama juu, kisha wakaendelea kupima sukari. Alisimama hewani bila kutikisika, akageuka, akarudi, akatua katikati kabisa ya alama, akashika mguu wa helikopta asiondoke tena. Fundi alisema mwalimu mwenyewe hajawahi kutua hivyo.

Kapteni alitazama saa yake.

"Vizuri," alisema. "Lakini haihesabiwi. Leseni ni ya mashine."

Polisi walifika Bora angali ameshika mguu wa helikopta. Kibali chake cha kutoka kambini kilisema asafiri kwa barabara. Walimrudisha Dzaleka nyuma ya pikapu, askari mmoja akimshika kifundo cha mguu njia nzima, akisema "zikomo", yaani asante, kila Bora alipotulia kwenye kona.

"Uliruka?" Cécile aliuliza.

"Niliruka, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi sasa banajua."

"Balijua tangu zamani, mama."

Mwezi uliofuata gari la shule lilikuja kutafuta mwanafunzi mwingine. Foleni ilianzia chini, getini, ikapanda ikapita juu ya mabati ya nyumba, na mwenye mizani ikambidi awavute watu kwa miguu, mmoja mmoja, ili awapime. Bora aliposogea, aliambiwa asijisumbue. Kapteni Émile alikuwa amenenepa kidogo, na safari hii walitaka mtu asiyezidi kilo thelathini na nane.