Kufuli la Mlango wa Nyuma

"Weka sahihi hapa, mzee, upokee mali yako," karani wa mahakama alisema, akisukuma bahasha ya khaki juu ya meza.

Fundi Kufuli hakuigusa. "Mali gani tena, mwanangu? Mimi nimefuata hukumu. Tarehe hii, Alhamisi ya leo, mlinipa wenyewe."

Karani alishusha sauti. "Jumapili wananchi waliamua kwa kura, mzee. Sheria za zamani zimefutwa, tunaanza upya. Kesi zilizosimama juu yake zimeanguka nazo."

"Zote?"

"Zote. Pole."

Fundi alitazama kidole chake cha shahada. Wino wa kura ulikuwa haujatoka.

Miaka saba alipanda ngazi za mahakama ile. Mara kumi na tisa aliambiwa arudi siku nyingine, maana sheria ilimruhusu mwenye kiwanda, mshtakiwa wake, kuahirisha kesi kila wakili wake alipougua tumbo. "Tumbo gani hilo, la mtoto mchanga?" mkewe alikuwa akiuliza. Lakini Jumapili, mke huyohuyo alimshika mkono mlangoni. "Baba Chiriku, nyumba unayotaka kuibomoa na sisi tumo ndani. Acha kwanza Alhamisi ipite."

Hakumsikiliza. Alitia alama kwenye "Tuanze Upya" kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

"Basi nitashtaki tena," alisema sasa.

"Kwa sheria ipi, mzee? Mpya hazijaandikwa."

Akatia sahihi. Ndani ya bahasha mlikuwa na kufuli jeusi kwa moshi, bado limefungwa. Chiriku, binti yao, aliyeongea hata akiwa na tonge mdomoni, alikuwa akishona mashati kiwandani siku moto uliposhika. Kufuli hilo, kielelezo chake mahakamani, lilikuwa limefunga mlango wa nyuma kwa nje, na Chiriku hakutoka. Fundi hakutaka makubwa. Alitaka jaji atamke mbele za watu kwamba mlango ulifungwa.

Kibandani kwake, jirani yake mshona viatu alimpokea kwa kelele. "Fundi! Karibu nchi mpya! Mbona uso umekunjamana kuliko viatu vyangu?" Kisha akaona alichoshika. Akainamia soli yake.

Adhuhuri mkewe alileta chakula. Alilitazama kufuli juu ya meza, akatazama kidole chenye wino. Fundi alingoja aambiwe hasira hasara. Alilitamani neno hilo kama mtu anavyotamani kofi liishe.

"Kula kwanza," mkewe alisema. Baadaye, akikusanya vyombo: "Unaweza kulifungua?"

"Dakika mbili tu."

"Siku ile dakika mbili zingetosha."

Akafunika bakuli, akaondoka bila kugeuka.

Fundi alichukua kikaratasi, kama vile anavyofunga kwenye makufuli ya wateja. Juu aliandika: Chiriku. Chini, mahali pa siku ya kuchukuliwa, kalamu ilisimama. Akapaacha wazi. Akalitundika kufuli kwenye msumari, katikati ya mengine yanayosubiri wenyewe.

"Hodi, fundi!" mama mmoja aliita. "Ufunguo umenikatikia, na watoto wapo nje ya nyumba wananisubiri."

"Lete, dada. Hatutawachelewesha."

Akabana kipande cha shaba kwenye jiliwa, akaanza kukichonga. Kila alipovuta tupa, ukuta wa mbao ulitetemeka, na kufuli jeusi likatikisika kidogo kwenye msumari wake.