Mwanamume Hatahiriwa Mara Mbili

Baba yangu, mzee Lemomo, hajawahi kuumwa. Amekanyagwa na fahali, ameangukiwa na boriti ya zizi, jino lake la nyuma aling'olewa na fundi baiskeli pale Oldonyo Sambu, na siku zote ukimpa pole anakujibu neno moja: "Kawaida." Kwa hiyo alipokuja kunitembelea kwangu Sokon One, akashindwa kumaliza kakilima ka kuelekea nyumbani kwangu bila kukaa chini kupumzika, nilijua mambo si mazuri. Nilimshika mkono nikaangalia kiganja. Kilikuwa cheupe.

Nilimpeleka hospitali kwa nguvu, na nikisema nguvu naomba uniamini. Vipimo vikaonyesha damu imepungua mno, na daktari, binti mmoja anaitwa Shaista, akamuuliza kama ana maumivu popote. Baba akatazama dirisha.

"Hakuna. Kawaida tu."

Dokta Shaista akatuambia damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na kwamba asingeweza kumpa dawa yoyote ya maana bila kuchukua uboho kidogo na kuupima. Akatupa siku ya kurudi.

Sasa mimi nauza supu ya mifupa Daraja Mbili. Kila alfajiri nagonga mifupa ya ng'ombe, na wateja wangu wanafyonza uboho mpaka bakuli linawaonea huruma. Baba mwenyewe ni bingwa wa kazi hiyo. Siku ile tulipotoka hospitali alikaa kibandani, mfupa mkononi, akauangalia muda mrefu kabla ya kuuweka chini.

"Yaani wanataka kunigonga kama unavyogonga hii?"

"Hawagongi, Baba. Wanakulaza ubavu, wanakuchoma ganzi hapa nyuma ya nyonga, halafu sindano nyingine inaingia mfupani. Dokta amesema ni kazi fupi, unarudi nyumbani siku hiyohiyo."

Akafikiri. "Watu watakuwepo?"

"Dokta na nesi."

"Basi Meshack awepo."

Hapo nikaelewa, na hasira zikanipanda. Meshack ni mtu wa rika lake, walitahiriwa asubuhi moja. Na kwetu sisi Waarusha, kijana akiwa chini ya kisu hapepesi jicho. Watu wanasimama wakimkagua uso na vidole vya miguu. Akitikisika tu, mama yake hana pa kuficha sura, na wajukuu watakuja kusimuliwa. Baba alikuwa ameshapiga hesabu zake: kuna chuma, kuna mwili, basi lazima awepo shahidi.

"Baba, ile ni hospitali, si sherehe!"

"Bila Meshack siendi."

Ningefanyaje? Nilitaka baba yangu aishi. Hata angetaka rika zima na ng'ombe wao, ningewaleta.

Siku ilipofika ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Meru mpaka mlangoni mwa hospitali. Meshack ni mzee wa kanisa, Jumapili utamkuta na koti, lakini siku ile alikuja na shuka jekundu lililopigwa pasi, kandambili mpya za tairi na rungu. Nesi Agnela akamwamkia vizuri, shikamoo baba, kisha akalichukua rungu kwa mikono miwili na kuliegesha kwenye kona. Alituruhusu kuingia wote wawili baada ya mimi kumweleza nje, kwa kifupi, kwamba bila huyu mzee hakuna mgonjwa.

Baba akalala ubavu, magoti ameyakunja, shati limepandishwa. Dokta Shaista alikuwa anaeleza kila kitu kabla ya kukifanya. Akapaka dawa ya baridi ya kusafisha ngozi. Akasema ganzi itawasha kidogo ikiingia, ikawasha, Baba kimya. Akasema tusubiri ishike.

"Mzee wangu, ganzi hii inatuliza ngozi na juu ya mfupa. Nikivuta uboho, utasikia kama mguu wote unavutwa, ni sekunde chache. Hiyo siwezi kuizuia. Lakini kabla ya hapo ukisikia ukali wowote niambie, nitaongeza. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Akagusa kwa ncha ya sindano. "Hapa unasikia?"

"Kawaida."

Mimi nilikuwa kichwani kwake. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Meshack alikuwa miguuni, anakagua vidole, anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Na vidole vyenyewe vilikuwa vimekakamaa kama kuni kavu. Uvumilivu ukanishinda.

"Dokta, anadanganya! Anaumia huyu!"

"Nyamaza, Silantoi."

Dokta Shaista akaondoa mkono. Hakupandisha sauti. "Mzee, mimi sioni ndani ya mwili wako. Nategemea mdomo wako. Ukinificha, nafanya kazi gizani."

Nikamgeukia Meshack, na adabu zangu nilikuwa nimeziacha nje pamoja na rungu. "Na wewe baba, umekuja kumtazama akifa vizuri?"

Meshack alinitazama mpaka nikainamisha macho. Halafu akazunguka kitanda, akachuchumaa mbele ya uso wa Baba.

"Lemomo," akasema. "Asubuhi ile nilikuwa pembeni yako. Ulitulia. Nimewaambia watu na nitawaambia tena. Lakini ile ilikwisha. Mwanamume hatahiriwa mara mbili. Huyu binti amekuuliza swali. Mjibu."

Baba akafumba macho. Kwa muda nilidhani atasema kawaida.

"Inauma," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Inauma sana."

Sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake. Nililia palepale kama mtoto, na wala sikujali.

Ganzi ikaongezwa, tukasubiri, safari hii ikashika kweli. Sindano ikaingia mfupani na Baba akasema anasikia mgandamizo tu. Uboho ulipovutwa akaita "Yeyo!" kwa sauti ya kufika korido. Ni mama hiyo, kwa Kimaasai. Meshack akapata shughuli ya ghafla ya kukagua dari. Kisha dokta akatoa kipande kidogo cha mfupa, chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Akakandamiza, akabandika plasta, akamlaza chali ili damu isitoke, akasema pasiloweshwe mpaka kesho yake na asibebe kitu kizito.

Nilidhani tumemaliza, kumbe neno lile lilikuwa limeng'oa komeo la zizi. Baba, akiwa chali, akaanza kutoa moja moja. Mbavu zinauma tangu wakati wa kupanda mahindi. Mgongo unauma, analala amekaa. Akikohoa anaona nyota. Dokta Shaista anaandika, mimi nimeushika mguu wake naona hasira na huruma zinanigombania. Miezi yote hiyo nilimpigia simu nikimuuliza hali, na miezi yote hiyo kawaida.

Tulikunywa chai nje. Baba akazungusha kikombe. "Watu wakikuuliza, utasemaje?"

"Nilichokiona," Meshack akasema. "Vidole havikutikisika."

"Na nilivyopiga kelele?"

"Uliniita kuangalia. Hukuniita kusikiliza."

Majibu yalipotoka, jina la ugonjwa lilikuwa lilelile tuliloliogopa bila kulitamka: saratani ya uboho. Dokta Shaista akasema hauondoki kabisa lakini unashikika kwa dawa, watu wanaishi nao miaka, na kwamba maumivu aliyoyataja Baba ndiyo yaliyomfanya apige picha ya mifupa na kuuona mgongo ulivyodhoofika kabla haujavunjika. Baba akaanza vidonge.

Tangu hapo ananipigia kila asubuhi, nikiwa katikati ya mifupa yangu, kuniripoti. Leo kiuno. Leo mbavu, na uji wa Nalepo, mke wa kaka yangu, haukuiva. Leo mgongo, ila kidogo. Mteja anasubiri supu, namwambia asubiri, naongea na baba yangu.

Juzi akapiga. Nikamuuliza, "Leo wapi?"

"Leo hakuna."

Nikaliweka shoka chini. "Baba. Hakuna ya kweli au hakuna ya kiume?"

Akacheka mpaka akakohoa, nikasubiri aseme kama kifua kimeuma.

"Ya kweli, mwanangu," akasema. "Ingekuwa inauma ningekuambia."

Na nikamwamini.