Aliruka Dirishani

Mkalimani wa ukumbi wa sinema alikuwa amechoka, tena si uchovu wa kulala ukaisha. Asubuhi nzima alikuwa hospitali na mkewe. Daktari, mgeni asiyejua lugha yao, alizungumza taratibu huku akifuta miwani, naye mkalimani akamgeuzia mkewe maneno: "Anasema ni vidonda vya tumbo. Unywe dawa, upumzike, utapona." Saa nane filamu inaanza, na kazi haijui pole, basi wakaenda ukumbini moja kwa moja. Mke akaketi benchi la nyuma.

Filamu yenyewe ilikuwa ya jasusi, kongwe hasa. Mkalimani akashika kipaza sauti, akaanza kuwatafsiria watazamaji. Miaka kumi na tisa amewasemea majambazi, mawaziri na warembo, wote kwa sauti hiyo hiyo moja. Jasusi akaiba ramani, akapigwa, akaokolewa na mwanamke mmoja, akatoroka. Mwishoni daraja likalipuka, treni ikatumbukia mtoni na yule mwanamke aliyemwokoa akiwa ndani. Jasusi akabaki ukingoni, akanong'ona maneno mawili tu.

"Aliruka dirishani!" mkalimani akatangaza. "Yuko ng'ambo, anamsubiri!"

Ukumbi mzima makofi, kama kila siku. Nani ahangaike kutafuta dirisha, na mkalimani keshasema?

Watu walipokwisha kutoka, alimkuta mkewe bado ameketi, mfuko wa dawa mapajani.

"Baba watoto, yule mwanamke hakuruka."

"Aliruka, mke wangu. Hukuona vizuri."

"Nimeona. Madirisha yote yamefungwa, na yule bwana analia." Akaugeuza mfuko wa dawa. "Hata daktari alikuwa anafuta miwani. Miwani gani hiyo isiyotakata?"

Mkalimani akainama kuokota tiketi zilizotupwa sakafuni. Aliogopa. Aliogopa kubaki peke yake, basi.

"Nina watoto wa kuwaandaa," mkewe akasema kwa upole. "Nitafsirie upya, mume wangu, na usiniongezee lako."

Mkalimani akaketi kando yake, akamshika mkono. "Daktari amesema miezi mitatu. Minne, tukibahatika."

Mkewe akamkazia macho. "Hiyo minne ni yake au yako?"

"Yangu," akasema mkalimani, akaanza kulia.