Kifua cha Kukumbatiwa

Sidiria ya kwanza ilikuwa na waya. Emerance aliifunga, akavuta pumzi, akaifungua mbiombio huku ameuma meno. Ya pili ilikuwa ya lastiki, ikamkata palepale chini ya kwapa ambapo mionzi ilikuwa imemchuna ngozi. Ya tatu haikuwa na kosa lolote, maskini, ila upande wa kushoto ulining'inia mtupu, na alipojitazama kwenye kipande cha kioo alichokiegemeza dirishani, aliivua, akaitupa kitandani na kuitukana. Ndiyo, aliitukana sidiria, kitambaa kisicho na masikio. Mgonjwa hutukana kilicho karibu.

Titi lake la kushoto lilibaki hospitali. Kabla yake zilipita dawa za mshipa zilizomnyang'anya nywele na ladha ya chakula, na baada yake ikaja mionzi kule Kigali, iliyomwachia kifua chekundu, mahali pengine kimechubuka na kutoa maji. Muuguzi alimwambia asijibane mpaka pakauke: avae pamba laini, tena pana, na akiwa nyumbani asivae kitu kabisa. Ushauri mzuri huo, na Emerance angeufuata kwa moyo mmoja kama isingekuwa Jumamosi.

Jumamosi watu wa Bugarama wangepanda hadi Nkanka kumposa binti yake, Joselyne. Kijana mwenyewe, Tuyishimire, alikuwa fundi katika kiwanda cha saruji, mpole, na hata Emerance, ambaye si mwepesi wa kusifia watoto wa watu, alikuwa amempenda. Baba yake Joselyne alikwisha kufa zamani, kwa hiyo maneno yangesemwa na shemeji, Mzee Nsengimana, ambaye akishika hotuba haiachi mpaka pombe iishe. Hayo yote hayakumtisha Emerance. Kilichomtisha ni salamu.

Huku kwetu watu wanaoheshimiana hawapeani mkono tu wakaachana. Wanakumbatiana. Unamshika mwenzio mabega, unamvuta kifua kwa kifua, upande huu kisha upande ule, unamuuliza amani, unamuuliza watoto, unamuuliza ng'ombe, na bado hujamwachia. Siku ya kuposa ndiyo kabisa, wanawake wa pande mbili hushikana kama wanaopimana mbavu. Na bamwana wake, maana ndivyo wazazi wa mke na wa mume wanavyoitana, alikuwa mama mmoja wa kifua kipana na mikono ya kutwanga, jina lake Uwamahoro. Akimvuta Emerance atakuta nini? Upande mmoja nyama, upande mmoja mbavu.

Wale watu hawakujua kitu. Miezi yote ile Emerance alisema yuko Kigali kwa dada yake aliyejifungua. Mapacha, aliongeza, ili apate kukaa sana. Nkanka nzima ikawaombea mapacha wasiokuwepo, na padri naye akawataja kwenye misa. Ungecheka, lakini yeye hakuwa na nafasi ya kucheka. Alijua neno kansa likishaingia Bugarama halitaishia kwa mama. Litasemwa ni la ukoo, na binti wa ukoo wenye jina hilo huzeekea jikoni kwa mama yake.

"Mama, tuwaambie tu," Joselyne alimsihi. "Tuyishimire ni mtu wa kuelewa."

"Huolewi na Tuyishimire peke yake. Unaolewa na mama yake, na shangazi zake, na majirani wa mama yake."

"Na wakijua baadaye?"

"Baadaye utakuwa na watoto. Mwanamke mwenye watoto harudishwi ovyo. Niapie utanyamaza."

Joselyne akaapa, lakini alipoapa alikuwa anatazama sakafu.

Mtu mwingine aliyejua alikuwa Nabintu peke yake. Nabintu ni mama wa Bukavu, anavuka daraja la Rusizi ya Pili na furushi la nguo za ndani kichwani, anauzia akina mama wa Kamembe. Yeye na Emerance waliwahi kukaa meza moja sokoni, mmoja na sambaza wakavu, vile visamaki vya ziwani, mwingine na sidiria, na wateja wakilalamika kuwa sidiria zinanuka samaki. Emerance aliporudi kutoka Kigali, Nabintu alimkimbilia mikono wazi, na Emerance akarudi nyuma. Mama yule akawaka katikati ya soko: amemkosea nini, ameiba nini, au siku hizi watu wa Kigali hawagusi watu wa Kongo? Ikabidi Emerance amvute nyuma ya magunia ya mihogo na kufungua blauzi. Nabintu alikaa chini kwenye gunia, akalia mpaka akapata kwikwi.

Siku mbili kabla ya posa akaja nyumbani Nkanka na furushi lake zima. Alifunga mlango, akamwaga sidiria kitandani, nyekundu, nyeusi, za maua, za maharusi, halafu akaokota ile yenye waya.

"Hii ndiyo ulivaa? Maman Joselyne, hii haiko sutie, hii ni mutego ya panya!"

"Ndiyo inayoshika vizuri."

"Inashika nini? Iko na kitu ya kushika?" Akajiziba mdomo. "Nisamehe. Mudomo yangu haina breki."

Emerance alicheka kidogo, na kicheko kikamvuta kidonda, akanyamaza.

Nabintu alichagua sidiria moja kubwa ya pamba ya rangi ya kahawia, ya kumnyonyeshea mtoto, yenye mikanda mipana na vifungo vya mbele ili mgonjwa asipinde mkono nyuma. Sidiria mbaya hiyo, ya kibibi, isiyopendwa na mteja yeyote. Akafumua lastiki ya chini, akaweka mahali pake utepe wa kitambaa. Kisha akageukia upande wa kushoto, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kwanza walijaribu pamba ya godoro. Nyepesi mno. Emerance aliinua mkono kama anayesalimia, na titi la pamba likapanda mpaka karibu na shingo. Wakajaribu maharage kwenye soksi. Uzito ukawepo, lakini kila punje ilimchoma pale palipochubuka, akaomba kwa machozi yatolewe. Nabintu akatoa furushini kikombe cha sponji, kipya, kigumu, cha duara, akakiweka, akarudi nyuma kutazama. Akaguna.

"Hapana. Hii inasimama."

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri wapi? Ile ingine yako imelala, iko na miaka makumi tano na batoto bamenyonya. Unataka kusimama mbele ya bakwe na titi moja ya mwali, moja ya bibi? Batasema uko na uchawi."

Basi, hilo ndilo kosa ambalo Emerance mwenyewe hakuliona, kwa kuwa alikuwa amesahau titi lake lilivyokuwa. Alikuwa anatafuta titi zuri. Nabintu alikuwa anatafuta lake. Alishona kifuko cha flaneli iliyofuliwa mpaka ikalainika, akaweka mchele kidogo wa Bugarama katikati, pamba pembeni, uzito chini ili lilale. Akalipima kiganjani, huku kiganja cha pili ameinua lile lililobaki, kama mama anayechagua viazi. Akapunguza mchele. Akapima tena. Joselyne, aliyekuwa ameshika taa ya simu ili Nabintu, anayemwita Tantine, aone sindano, alifuata kila mshono kwa macho.

Lilipoingia mahali pake, Emerance alijitazama kiooni. Mabega yalikuwa sawa. Hakuna kilichokata wala kupanda. Kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe alijiona mtu mzima, akaona haya kwa furaha hiyo ndogo.

"Inauma?" Nabintu akauliza.

"Kidogo."

"Usiniongopee. Hiyo ngozi haiko tayari. Ukae nayo masaa mbili, tatu, halafu utoe. Ukikaza, itapasuka. Na ule mama akikukamata kwa nguvu..." Akaanza kurudisha sidiria furushini.

Jumamosi wageni walichelewa, kama kawaida ya wageni wa posa. Emerance alikuwa amevaa tangu asubuhi, kwa sababu majirani waliingia kumsaidia kupika na hakutaka jicho lolote limkute bila kifua. Alifunga mushanana yake, lile shuka jepesi la sherehe, kwenye bega la kushoto lipate kuziba kidogo. Kufikia mchana flaneli ilikuwa imelowa. Alijua si jasho tupu. Alitabasamu, akaelekeza viti, akamkemea mtu aliyeweka soda juani, na kila alipoinama alishika ukuta.

Maneno yalikuwa marefu. Wasemaji walirushiana mafumbo, Mzee Nsengimana akajifanya hana binti, wa Bugarama wakajifanya wamepotea njia, watu wakacheka, ng'ombe akasifiwa. Hatimaye posa ikakubaliwa, ngoma zikalia, na Joselyne akatolewa, mzuri jamani, mzuri mpaka mama yake akasahau kifua kwa muda. Halafu Uwamahoro akanyanyuka kwenye kiti chake, akafungua mikono, akaja.

Emerance hakurudi nyuma. Alimwendea.

Mama yule alimkamata. Upande wa kulia, sawa. Upande wa kushoto, akambana mpaka Emerance akasikia ngozi ikiachia, moto ukapanda hadi kooni, macho yakajaa. Watu wakapiga vigelegele walipoona machozi, wakasema mama wa binti ndivyo anavyotakiwa kulia. Uwamahoro hakumwachia. Akaweka mdomo karibu na sikio lake, lakini sauti yake haikuzaliwa kunong'ona, na Joselyne alikuwa amesimama hapohapo kando yao.

"Bamwana, nikuambie neno. Kabla ya Joselyne tulikuwa tumeanza kuposa kwa watu wengine. Msichana mzuri, amesoma. Tukasikia mama yake amekatwa titi. Nikamwambia mwanangu, hapana. Kile kitu kinakaa kwenye damu. Wajukuu wangu watanyonya nini? Alilia, lakini alinisikia, ni mtoto mtiifu. Sasa leo nakushika hivi, uko mzima, umejaa, namshukuru Mungu kwa kutungojesha."

Emerance alimtazama binti yake juu ya bega la yule mama. Joselyne alikuwa amefungua mdomo. Rangi ilikuwa imemtoka chini ya poda. Emerance akamkazia macho, macho yale ya kumnyamazisha mtoto kanisani, na moyoni, sijui kama mtanielewa, moyoni alikuwa anamwomba aseme. Sema, mwanangu. Sema kwamba mama aliyekatwa ni huyu. Vunja posa, vunja kila kitu, lakini usiniache peke yangu humu mikononi mwa huyu mtu.

Joselyne akafunga mdomo. Akainamisha macho kama mwali anavyofunzwa, na shangazi wa Tuyishimire akamsifu kwa adabu yake.

"Asante, bamwana," Emerance akasema. "Tumshukuru Mungu."

Wageni walipoondoka bado jua lilikuwa juu ya ziwa. Nabintu, aliyekuwa jikoni mchana kutwa, alimpeleka chumbani akafunga mlango. Vifungo vya mbele vilifunguka vizuri, lakini kifuko hakikutoka. Flaneli ilikuwa imeganda na ngozi. Ikabidi amwagie maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, huku Emerance ameuma ncha ya khanga. Kilipoachia kilitoka na kipande cha ngozi, na mchele ndani umevimba na kuwa wa waridi.

"Nilikuambia masaa tatu," Nabintu akasema. Alikuwa amekasirika huku analia. "Nilikuambia, lakini weye kichwa ngumu. Sasa, ule mama alijua?"

"Hakujua."

"Njo unalia nini? Umeshinda."

Emerance alijifuta macho kwa khanga. Alimwapisha mtoto anyamaze, na mtoto amenyamaza. Hapakuwa na wa kulaumiwa ila yeye, na bado alikuwa na uchungu na Joselyne, uchungu mbaya, wa kuaibisha, kama wa mtu aliyeachwa njiani na wenzake.

Mlango ukafunguliwa. Joselyne aliingia akiwa bado na shanga za sherehe kichwani, akaufunga nyuma yake. Hakumtazama mama yake usoni. Alikitazama kifua chake, palipo wazi na panapotoka damu, kisha akakaa kitandani, akaokota ile sidiria ya kahawia na kuigeuza ndani nje, akitafuta mishono ilipoanzia.

"Tantine," akasema, "unifundishe kuishona."

"Ya mama yako? Nitaishona mimi, usijali."

"Hapana," Joselyne akasema. "Yangu. Si amesema kinakaa kwenye damu?"

Nabintu akaacha kukamua kitambaa. Emerance alinyoosha mkono kumnyang'anya binti yake ile sidiria, lakini mkono wa kushoto haukufika, na Joselyne hakuiachia.