Darasa la Sufuria

Usiku wa jana niliota nimeandikishwa shule ya watoto wachanga, na mwalimu wetu ni sufuria ya binti yangu.

Kabla sijalala, huyo binti yangu, Tunu, alikuwa ameniambia, "Baba, kesho narudi kwenye cherehani yangu sokoni. Semeni nimwachie nani? Mkeo mwenyewe hakutaki." Semeni ni mjukuu wangu, ndiye huyo mke wa utani, ana miezi saba, na siku tatu nzima tangu nifike, akiniona analia kama kaona fisi. Nikasema moyoni: akilia na kesho, nabeba mfuko wangu naendelea na safari. Safari ndiyo kazi niijuayo.

Basi, nimekaa jamvini. Wenzangu ni watoto kumi na sita, wote wana vipara kama mimi. Sufuria imevaa kifuniko chake kama kofia.

"Somo la leo mmelishika?" inauliza.

"Tumelishika, mwalimu," najibu peke yangu, kama tulivyozoea darasa la pili, kabla sijaacha.

"Lionyeshe."

Natazama viganja. Vitupu. Watoto wananicheka. Huyu kashika chujio, yule taulo lililolowa, yule kifuu. Kila mmoja analipeleka somo lake mdomoni na kulitafuna.

"Babu huyu mwongo," unasema mwiko. "Mpeni limau."

Nalamba limau, na darasa linakuwa stesheni ya Mpanda. Mimi ni kijana, nina mfuko begani.

"Tunu alinilamba akiwa na miezi saba," linasema limau. "Akakunja uso, akatetemeka, akataka tena. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Ukifanya nini?"

"Nikipita."

Limau linanigeuzia mgongo. Afadhali lingenitukana.

Sufuria inagonga kifuniko na kutangaza kanuni: watoto wakichezea vyombo, mtu mzima haondoki. Hapo hapo mlango unatuaga, unaondoka. Madirisha yanaufuata. Ndara zangu zinapanda ukutani zenyewe kutafuta njia. Nazihurumia.

Kisha kanga mbichi, inayochuruzika maji, inashuka kambani na kunifunika uso. Imekaribia macho mno, siwezi kusoma maneno yake.

"Ukifunikwa umekwenda," inaninong'oneza. "Ukifunuliwa umerudi. Si ndiyo kazi yako miaka yote? Hapa tofauti ni moja tu: unarudi kabla mtoto hajalia."

Inanifunua. Mbele yangu ameketi Tunu, mchanga, bila jino.

"Huyooo!" anasema.

Inanifunika. Inanifunua.

"Huyooo!" Anacheka mpaka anaanguka chali.

Mara arobaini nimekwenda, mara arobaini nimerudi, na kila mara kafurahi vilevile. Stesheni zote nilizoshuka, hakuna iliyonipokea hivyo. Nikaishukuru kanga, nikamshukuru mwalimu, nikauomba radhi mwiko. Limau nikalibusu. Lilikuwa kali kweli.

Nikaamka. Tunu alikuwa amesimama juu yangu, Semeni kiunoni.

"Baba, nani kakuandika usoni?"

Akaniletea kioo. Kwenye paji langu palikuwa na herufi nyekundu, kinyumenyume. Kwenye kioo zikanyooka: MGENI NJOO.

Tunu akakaa kitako. "Hayo ni maneno ya kanga ya marehemu mama. Alikuwa akinichezesha nayo. Ilichakaa ikawa matambara, hata shule sijaanza."

"Na maneno yaliyobaki?"

"Mwenyeji apone," akasema polepole.

Semeni alikuwa ameyakodolea macho yale maandishi. Akajipindapinda mapajani kwa mama yake, akanyoosha mikono, nikampokea. Akanivuta kichwa kwa masikio yote mawili, akaanza kunilamba paji la uso.

"Haya, mke na mume," Tunu akasema. Akachukua mkasi na futi yake, akaenda kazini.

Hadi naandika haya, ile M imekwisha, na bado hajalia.