Kitambaa cha Juu ya Gemu

Maneno yale Auleria aliyasikia saluni, Mtoni, akisukwa mtindo wa twende kilioni. Msusi wake, Loveness, alisema kuna ofisi Mikocheni inapokea vitu vyenye waranti, vinapona upesi, ila havirudi nyumbani. Auleria alicheka. Lakini maneno yalimganda mpaka kwake, maana mashine ya gemu ya binti yake, Asifiwe, ilikuwa imeshapelekwa ofisi hiyohiyo.

Gemu aliinunua baba mtu, Projestus, anayefanya kazi mgodini Kahama. Naye alikuwa na ya kwake. Kila Jumapili baada ya misa walicheza mpira kwa intaneti, baba kule, binti huku. Projestus kwenye simu husema "haya, salama," akakata. Akicheza alikuwa anaongea saa nzima. Marafiki wa Asifiwe aliwajua wote kwa majina.

Iliharibika kwa sababu Auleria aliifunika. Kwake kila kitu cha thamani kina kitambaa cha kufuma: redio, tivii, jagi la maji. Gemu aliifumia cheupe chenye maua, ikakosa pa kupumulia. Ilipopelekwa kwa fundi, kitambaa kilibaki nyumbani.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, alikianika kambani, nacho kikaonyesha, kama tivii, karakana ya ile ofisi ya Mikocheni. Fundi, mzee Husseinali, alikuwa ameshaifungua gemu yao. Alipuliza vumbi, akachomelea kitu kidogo kama chawa, mkono hautikisiki. Taa ya bluu ikawaka.

"Mama, imepona," alisema Asifiwe.

"Naona. Sogea, unaziba."

Mzee aliifuta kwa pindo la shati lake, akaiweka rafu ya juu. Ikakaa huko.

Kesho yake Auleria alipiga simu. Akaambiwa kipuri kinasubiriwa kutoka nje.

Baada ya hapo majirani walikuja jioni na mikeka. Jirani Shomari alikuwa anafunga genge lake la mboga mapema. Walimtazama yule mzee akifufua pasi, spika, friji la mtu wa Tandale, wakampigia makofi.

"Angekuwa mkunga huyu," alisema jirani Mauwa, "mie ningezaa wa sita."

Asifiwe alikaa mbele na daftari, akichora kila hatua. Wiki ya tano alitengeneza redio ya Shomari kwa bisibisi moja na pini ya nywele. Mtaa mzima uliisikiliza.

Jumapili karakana ilifungwa. Kitambaa kilionyesha rafu, taa ya bluu, na uwanja wa mpira. Timu ya Projestus imesimama katikati, inasubiri upande wa pili.

Zilipobaki siku mbili waranti iishe, Auleria alikikunja kitambaa akaenda Mikocheni. Alikitandaza kwenye kaunta. Karani, Sukaina, alikitazama vizuri.

"Shikamoo mama. Ni yenyewe. Na kweli imepona."

"Marahaba. Basi nipe."

"Kwenye mfumo bado mbovu, mama. Mbovu hatutoi."

"Si unaiona?"

"Naiona. Kitambaa kizuri, umekifuma mwenyewe?"

Mzee Husseinali alitoka ndani, miwani kichwani.

"Mie natengeneza tu, dada. Kutoa si kwangu."

Auleria alimshukuru kwa kazi yake, maana ilikuwa kazi ya kushukuriwa, akakikunja kitambaa.

Waranti iliisha Alhamisi. Ijumaa mfumo ukasema gemu imepona, ila nje ya muda, haitoki mpaka ilipiwe upya.

Kitambaa bado kinaanikwa, majirani bado wanakuja. Jumapili Asifiwe anakaa mbele yake peke yake, na baba yake amesimama katikati ya uwanja. Kwenye simu anasema "haya, salama."

Wenye watoto wakimuuliza, Auleria huwaambia hivi:

Usifunike gemu, hata kwa kitambaa kizuri.

Usikabidhi kitu ofisini bila kuandikiwa siku ya kukichukua.

Usikubali neno "kipuri" mpaka wakutajie ni kipuri gani.

Usipige simu. Nenda.

Usimgombeze fundi.

Usimwahidi mtoto Jumapili.