Kiatu cha Kulia cha Daktari George

Mguu wa kulia wa Ndaki ulibaki duarani, shimo la wachimba dhahabu kule Bugarama, chini ya jiwe, miaka sita iliyopita, na tangu siku hiyo haujaonekana Geita wala popote. Kwa hiyo Daktari George alipomjazia fomu ya punguzo la ushuru, akafika palipoandikwa "Hali ya ulemavu" na kuweka tiki kwenye "Ya muda, miezi mitatu", Ndaki alidhani ni utani.

"Daktari, unatarajia uote?"

"Mwingine!" Daktari akaita. Hakuwa ameinua macho tangu Ndaki aingie.

Halmashauri ilisamehe nusu ya ushuru wa kizimba cha sokoni kwa wenye ulemavu wa kudumu tu. Karani aliisoma fomu, akapatazama pale mguu ulipopaswa kuwa, akasikitika.

"Mimi nafuata maandishi ya daktari, mzee. Ijumaa jioni uwe umeleta fomu nyingine, au ulipe wote, au uache kizimba."

Kulipa wote asingeweza. Mara tatu alirudi hospitalini kwa magongo, na mara tatu aliambiwa daktari yuko kikaoni.

Alhamisi, daktari akaja mwenyewe sokoni, maana Ndaki alikuwa fundi viatu.

"Fundi, hivi vishone vizuri. Kesho saa nne napeleka mahari Isaka. Nataka ving'ae hadi mkwe ajione."

Hakumtambua. Angemtambuaje? Siku ile aliona karatasi tu.

"Ving'ae, Daktari? Vitang'aa," alisema Ndaki kwa unyenyekevu mkubwa.

Apolonia, muuza dagaa wa kizimba cha jirani, aliapa kwamba hajawahi kuona fundi akishona huku anatabasamu vile.

Ijumaa asubuhi gari lilisimama likiwa limejaa wajomba. Ndaki akamkabidhi daktari kiatu cha kushoto, kimefungwa vizuri kwenye gazeti.

"Na cha kulia?"

"Hakipo."

"Hakipo vipi?"

"Usihofu, Daktari. Hali hiyo ni ya muda. Miezi mitatu."

Apolonia alijiziba mdomo kwa kanga. Daktari akatazama, safari hii akatazama kweli: magongo mawili, na suruali iliyokunjwa ikabanwa kwa pini.

"Mzee wangu, wakwe wananingoja!"

"Wasalimie. Waambie unaendelea vizuri."

Honi ikalia. Mjomba mmoja akatoa kichwa dirishani. "We George! Ukweni kwa Wasukuma unaenda na kandambili? Watasema hata ng'ombe tumeazima!"

Ndaki akasogeza fomu mpya. Daktari akaweka tiki kwenye "Ya kudumu", akatia sahihi, akakimbilia muhuri garini, akaugonga kwa nguvu hadi meza ikalia. Ndaki akaisoma fomu yote kwa kidole, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Saa nne ikafika, ikapita, ikaenda zake.

"Umesahau tarehe," akasema.

Ndipo akakitoa kiatu chini ya kiti.

Kabla ya adhuhuri karani alikuwa ameandika "Nusu" kwenye daftari, na kizimba kikabaki cha Ndaki. Aliporudi, Apolonia alimsogezea chai.

"Baba Blessing, sasa umemsamehe?"

Ndaki, Mkristo wa kila Jumapili, alilitafakari jambo hilo kwa muda unaotosha kutunga uzi kwenye sindano.

"Hapana," akasema. "Leo bado nafurahi."